Kupima siliaki: uanzie kwa daktari wa mtaani, kwa bingwa wa tumbo, au maabara moja kwa moja?

Kwa miaka sita niliambiwa nina amoeba. Katikati yake ikawa typhoid, mara mbili ikawa vidonda vya tumbo, na mwaka mmoja daktari akanitazama usoni akasema nina mawazo mengi. Kila asubuhi nilimeza vidonge vya kuongeza damu, na damu haikupanda. Asubuhi hizohizo, mezani kwetu Mombasa, palikuwa na mahamri na mbaazi, jioni chapati, Ramadhani ikiingia, sambusa na kaimati. Hakuna aliyeniuliza nakula nini.

Naandika kwa mtu aliyekwama pale nilipokwama mimi. Amesikia neno siliaki, dalili anaziona mwilini mwake, ila hajui abishe mlango upi kwanza. Kwa huku kwetu milango ni mitatu: daktari au afisa tabibu wa kliniki ya karibu, daktari bingwa wa mfumo wa chakula aliye mjini, na maabara binafsi unayoiendea mwenyewe, pengine ukisaidiwa na daktari wa kwenye simu. Yote mitatu nimeipita. Kila mmoja ulinipa kitu, na mmoja ulinipotezea karibu mwaka mzima.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Katika siliaki, kinga ya mwili huchokozwa na gluteni, ikaanza kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Utumbo mwembamba umefunikwa na vijinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hufupika hadi utumbo ukawa laini kama kiganja, na madini ya chuma, kalisi, folate na vitamini D hupita tu bila kuingia mwilini. Ndiyo maana mmoja anaharisha na kujaa gesi, na mwenzake hana shida yoyote ya tumbo ila ana damu pungufu, vidonda vya mdomo visivyokoma, mifupa dhaifu, mimba zinazoharibika, mtoto asiyekua, au malengelenge yanayowasha kwenye viwiko, magoti na makalio. Inakadiriwa duniani mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi wao hawajui.

Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuacha gluteni, na kuiacha maisha yote. Huwezi kumwambia mtu wa Pwani aache chapati mpaka kufa kwake kwa kukisia tu, kwa hiyo jibu linatakiwa liwe la hakika.

Mambo niliyoyapima

Nimeilinganisha milango hii mitatu kwa mambo matano. Je, aliyepo pale anasikiliza historia yako kabla ya kuandika karatasi? Anajua mpangilio wa vipimo, yaani kipi hutangulia kipi? Anaweza kukufikisha kwenye endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, na kuchukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kikapimwe? Itakugharimu pesa na safari kiasi gani? Na jibu likishatoka, nani atabaki na wewe?

Hayana uzito sawa. La pili ndilo lililoniumiza, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kusikilizwa

Daktari wa mtaani ana jambo moja ambalo bingwa hana: anakujua. Amemwona mama yako, ametibu homa za wanao. Lakini foleni yake ni ndefu, na kwa mgonjwa wa tumbo mkono wake umezoea kuandika kipimo cha choo, Widali na Flagyl. Simlaumu, maana amoeba na giardia zipo kweli na anaziona kila siku. Kosa linakuja pale dawa ya amoeba inapoandikwa kwa mara ya tano na hakuna anayerudi nyuma kuuliza kwa nini zile nne hazikufaa.

Hata hivyo, aliyenifungulia njia mimi alikuwa afisa tabibu kijana katika kliniki ndogo ya vyumba viwili. Aliniuliza, “Mama, kwenu kuna mtu mwenye kisukari cha utotoni?” Nikamwambia yuko, kaka yangu anadunga insulini tangu akiwa na miaka 11. Akaweka kalamu chini. Alikuwa amesoma kwamba siliaki hupenda kuandamana na kisukari cha aina hiyo, na magonjwa ya tezi ya shingo ambamo kinga hujishambulia, na kwamba huonekana zaidi kwa watu waliozaliwa na hali ya Down (Down syndrome). Hutembea pia katika damu: ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja mwenye siliaki, uwezekano wako ni karibu mmoja kwa kumi. Yote hayo yalitoka kwenye swali moja ambalo halikugharimu hata senti.

Bingwa, kwa upande wake, ana dakika chache ila maswali yake ni makali. Ukimpelekea historia iliyopangwa, ataikamata haraka kuliko mtu yeyote. Hatari iliyopo kwa baadhi yao ni kuja na jibu kichwani, kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Kiwango kikubwa kuliko vyote kilichoripotiwa kilipatikana Afrika: mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa Kisaharawi waliowapima kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria walikuwa nao. Upo Afrika Kaskazini, upo Uarabuni, upo kaskazini mwa India katika majimbo yanayokula ngano. Sisi wa Pwani tuna mababu Yemen, Oman na Gujarat, na tunakula ngano asubuhi na jioni. Daktari anayesema “huku haupo” amesahau anaongea na nani.

Maabara haisikilizi, na wala hiyo si kazi yake. Daktari wa kwenye simu anasikiliza, ila hawezi kukubonyeza tumbo wala kukuvuta kope aone wekundu wa damu. Lakini nitamtetea kwa jambo moja. Wapo watu, hasa wanawake wa kwetu, wanaoona haya kumweleza mtu uso kwa uso habari za choo chao. Kama simu ndiyo itakayokufanya useme ukweli wote, basi anzia hapo.

Na wewe usiende mikono mitupu. Andika wiki mbili za ulichokula na ulivyojisikia, vipimo ulivyowahi kufanya, dawa ulizomeza zisifae, na magonjwa ya kwenu. Inasimuliwa kwamba daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alianza kuushuku mkate katika miaka ya 1930 baada ya kumsikiliza mama aliyeona mwanawe anapata nafuu asipoula. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukatoweka Uholanzi, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi wakazidiwa tena. Mwaka 1950 Dicke akaandika tasnifu yake kuhusu ngano. Kila ninapoogopa kumsumbua daktari kwa maelezo marefu, humkumbuka yule mama.

Mpangilio wa vipimo

Naomba uisome sehemu hii taratibu.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili iitwayo tTG ya aina ya IgA. Pamoja nacho, kwenye sindano hiyohiyo, yafaa kipimwe kiwango cha IgA yote mwilini. Sababu ni kwamba wapo watu wasiotengeneza IgA ya kutosha, na miongoni mwa wenye siliaki watu hao ni kama 2 au 3 kwa kila 100. Kwao tTG ya IgA itarudi safi hata utumbo uwe umeharibika vipi. Daktari akishaiona IgA iko chini, ataagiza vipimo vya aina ya IgG badala yake. Daktari akikuandikia vyote viwili bila kukumbushwa, ujue umepata mtu anayejua njia.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Vipimo vyote hivi, cha damu na cha kinyama, vinaonyesha ukweli wakati bado unakula gluteni tu. Ukiiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, halafu karatasi inasema huna kitu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unasema ule gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa.

Hapa kwetu lina ncha ya pekee. Mtu wa bara anayekula ugali mchana na wali usiku, chapati Jumapili kwa Jumapili, anaweza kuwa anakula gluteni kidogo mno kiasi kwamba kipimo hakiioni siliaki yake. Mahindi, mchele, muhogo, mtama, ulezi, viazi na ndizi havina gluteni. Kwa hiyo daktari asiyekuuliza unakula ngano mara ngapi kwa wiki hawezi kuisoma sawasawa karatasi iliyorudi safi.

Sasa kisa changu. Yule afisa tabibu alinishuku vizuri, akanipa rufaa kwa bingwa. Bingwa akanisikiliza, akakubali, kisha akasema, “Acha ngano miezi mitatu, tuone.” Niliacha miezi minne. Tumbo likatulia, nikapata nguvu, nikafikiri nimepona. Ukafika wakati wa kuandikwa kwenye faili, na daktari mwingine akauliza, “Ushahidi uko wapi?” Damu ikapimwa, safi. Nikaambiwa nirudi kula ngano wiki sita ili nipimwe upya. Niliketi mbele ya sahani ya chapati nikalia, maana sasa nilijua zitanifanya nini. Wiki ya pili nilikuwa siwezi kupanda ngazi za nyumbani kwangu.

Kwa hiyo kwa kigezo hiki cheo peke yake hakitoshi. Kwa kawaida bingwa ndiye anayejua zaidi, na bingwa wa pili niliyempata alinyoosha kila kitu kwa ziara mbili. Daktari wa mtaani mara nyingi hakumbuki IgA ya jumla, kwa kuwa haagizi kipimo hiki hata mara moja kwa mwaka. Lakini ukimwandikia majina ya vipimo kwenye karatasi, mwenye moyo wa kujifunza atasoma na kukuandikia. Sentensi ninayomshauri mtu aende nayo ni hii: “Daktari, naomba tupime kwanza kabla sijaacha ngano.” Tazama anavyoipokea.

Maabara ina uzuri wa haraka. Maabara kubwa binafsi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hupokea damu kwa kipimo hiki, na nyingine husafirisha sampuli kwenda nje kisha jibu likarudi. Ubaya wake ni kwamba itakuuzia ulichoomba. Ukiomba tTG peke yake, utapewa tTG peke yake. Ukiwa umeacha ngano miezi sita, hakuna atakayekuuliza. Tena kuna vifurushi vya bei kubwa vya “kutopatana na vyakula” vinavyopima IgG ya vyakula mia moja na zaidi, mtu akatoka na orodha ndefu ya kuacha maziwa, mayai, nyanya na ngano. Vipimo hivyo havitambui siliaki. Usivitolee pesa kwa kazi hii.

Na kama umeshaacha ngano zamani na huthubutu kurudi? Kipo kipimo cha jeni, HLA-DQ2 na DQ8, ambacho hakijali unakula nini. Ukiwa huna hata mojawapo, siliaki inakaribia kuondolewa kabisa kwenye mawazo. Ukiwa nayo, bado hujajua kitu, kwa sababu watu wengi sana wanazibeba na hawaugui maisha yao yote. Bingwa anaelewa tofauti hiyo, lakini mtu aliyejipima mwenyewe huona neno “ipo” kwenye karatasi akajihukumu.

Endoskopi na kinyama

Kwa mtu mzima, damu ikionyesha dalili, hatua inayofuata kwa kawaida ni kamera kupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vinyama vidogo kuchukuliwa. Hapa bingwa hana mpinzani. Daktari wa mtaani mwisho wake ni rufaa, na maabara haina cha kufanya.

Lakini usidhani kufika kwenye kamera ndiyo kumaliza. Endoskopi nyingi hapa kwetu hufanywa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na bakteria wa H. pylori, kwa hiyo kinyama huchukuliwa tumboni na si kwenye utumbo. Nilishawahi kupigwa kamera hiyo miaka mitatu kabla ya jibu langu, nikaambiwa “tumbo lako zuri,” na kumbe utumbo haukuguswa. Kwa siliaki vinatakiwa vinyama visivyopungua 4 kutoka sehemu ya pili ya utumbo huo wa mwanzo, na kimoja au viwili kutoka pale unapoanzia, kwa sababu madhara huwa ya mabaka na kinyama kimoja kinaweza kudondokea penye uzima. Muulize daktari kabla hujalala kitandani. Bingwa mzuri hachukizwi na swali hilo.

Kuna jambo moja linalofanya bingwa awe wa lazima zaidi huku kuliko Ulaya. Vijinyweleo vya utumbo havifupishwi na siliaki peke yake. Giardia huvifupisha, virusi vya Ukimwi pia, utumbo wa mtu aliyekulia kwenye maji machafu huweza kufanana hivyo, na hata dawa ya presha iitwayo olmesartan imeshaleta hali hiyo. Karatasi ya kinyama ikisema vijinyweleo vimelala, lazima isomwe pamoja na damu, dawa unazotumia na maisha yako. Anayeisoma peke yake anaweza kukuondolea chapati kwa ugonjwa uliohitaji vidonge vya siku tano.

Kwa watoto mambo ni tofauti kidogo. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 kwa madaktari wa tumbo la watoto unaruhusu kutambua bila kinyama, mradi tTG iwe mara 10 au zaidi ya kikomo cha kawaida, na kingamwili nyingine iitwayo EMA ionekane kwenye damu iliyotolewa siku nyingine. Kwa mtoto, basi, bingwa anayefaa ni wa watoto, na huenda kamera isihitajike kabisa.

Pesa na safari

Kliniki ya karibu ndiyo rahisi kufika, na kwa mtu wa Lamu au Kwale tofauti hiyo ni siku nzima barabarani na kitanda cha kulala. Bingwa wa tumbo ni wachache, wamejaa Nairobi, wachache Mombasa, kwa Tanzania zaidi Dar es Salaam. Hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta, Muhimbili na KCMC hufanya endoskopi, na kwa asiye na bima ndizo za kuulizia kwanza, ila ujiandae kungoja. Kwenye hospitali binafsi utasubiri siku chache ila utalipa zaidi.

Maabara huonekana rahisi kwa sababu hulipi ada ya daktari. Ukijumlisha kipimo ulichokosea na kilichorudiwa, hesabu hugeuka. Kabla ya kutolewa damu popote, uliza bei ya vipimo vyote viwili, tTG na IgA ya jumla, na uliza pia jibu litachukua siku ngapi. Kwa bima, uliza kwa maandishi kama inalipia endoskopi na kinyama bila kulazwa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya serikali nchini Kenya, Oktoba 2024, watu wengi wamekuta utaratibu waliouzoea umebadilika, na sitaki uujue ukiwa dirishani pa malipo ukiwa umefunga kula tangu usiku.

Neno kwa ndugu walio Uingereza: huko daktari wa eneo lako, anayeitwa GP, ndiye mlango, na mwongozo wa NICE unamtaka akupime kwa damu ukiwa na dalili kama damu pungufu isiyoelezeka au uchovu wa muda mrefu. Dada yangu aliye Birmingham alipimwa wiki ileile nilipomtumia jibu langu, kwa kutamka tu kwamba ndugu yake wa tumbo moja anao.

Baada ya jibu

Hapa mizani inageuka, na daktari wa mtaani anarudi juu. Jibu la siliaki ni mwanzo wa ziara nyingi ndogo: tTG kurudiwa baada ya miezi 6, kisha ya 12, kuona inashuka; damu, chuma, folate, B12 na vitamini D kuangaliwa; tezi kukaguliwa; ndugu kupimwa. Yote hayo ni kazi ya mtu aliye karibu na mwenye faili lako. Bingwa utamrudia mara moja kwa mwaka, au tTG ikigoma kushuka, au mifupa ikihitaji kipimo chake.

Na daktari wa mtaani anajua unavyoishi. Yule kijana wangu ndiye aliyeniuliza ninasagisha wapi unga. Nilikuwa nimeacha ngano kabisa, nikila ugali na uji wa ulezi, na tTG haishuki. Kumbe mashine ya kusaga pale sokoni inasaga mahindi, ulezi na ngano mumo kwa mumo, na unga wa mwenzako aliyetangulia unatoka na wa kwako. Alinionya pia kuhusu unga wa lishe wa kuchanganya, vinywaji vya kimea na mchuzi wa soya wa chupa. Bingwa wangu, kwa heshima zangu zote kwake, alikuwa amenipa karatasi iliyojaa majina ya vyakula ambavyo sijawahi kuviona katika duka lolote la Mombasa.

Maabara, jibu likishatoka, itakupa karatasi. Ukishakuwa na daktari anayeisoma, ni njia nzuri ya kurudia tTG bila kupanga foleni ya siku nzima, na mimi mwenyewe huitumia hivyo mpaka leo.

Kwa hali yako

Kama dalili ni zako mtu mzima, bado unakula ngano kila siku, na una kliniki ambako wanakujua: anzia hapo. Nenda na historia iliyoandikwa na majina ya vipimo viwili. Damu ikija na dalili, omba rufaa, na uendelee kula chapati zako mpaka siku ya kamera.

Kama umekonda sana, una damu kwenye choo, homa za usiku, au damu imeshuka mno: usipite mtaani wala maabara. Nenda hospitali kubwa yenye bingwa, kwa sababu mambo mengine mazito yanatakiwa kuondolewa kwanza, kifua kikuu cha tumbo na saratani yakiwemo.

Kama mgonjwa ni mtoto asiyekua, mwenye tumbo kubwa na mikono myembamba: daktari wa watoto, na usimwondolee ngano nyumbani kwa ushauri wa jirani kabla ya damu kutolewa. Najua inavyouma kumpa mtoto kitu unachoshuku kinamuumiza. Mwombe daktari tarehe ya karibu, umweleze ndiyo sababu unaharakisha.

Kama umeshaacha ngano na unajisikia vizuri: huyu ni wa bingwa moja kwa moja. Kuna maamuzi ya kufanya kati ya kipimo cha jeni, kurudi kula gluteni kwa muda, au kuishi bila jibu, na hayo hayaamuliwi dirishani pa maabara. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usijirudishe kwenye ngano kwa ajili ya kipimo bila kuongea naye.

Kama huna dalili yoyote ila ndugu yako wa tumbo moja, mzazi au mwanao amekutwa nao: maabara inatosha kuanzia, mradi uombe tTG pamoja na IgA ya jumla na uwe unakula ngano. Jibu, liwe zuri au baya, lipeleke kwa daktari wa karibu alitie kwenye faili lako.

Kama uko mbali, kisiwani au bara ndani, na bingwa ni safari ya siku mbili: daktari wa simu anaweza kukupangia vipimo vya damu katika mji wa karibu, ili safari ya kwenda kwa bingwa uifunge mara moja tu, ukiwa na majibu mkononi na siku ya kamera imeshapangwa.

Na kama daktari uliye naye amekataa, anasema ni mawazo, ni gesi tu, huu ugonjwa haupo huku: usigombane naye, na usiache ngano kwa hasira. Mwambie, “Daktari, nakuheshimu. Niandikie kipimo hiki kimoja. Kikirudi safi nitakaa kimya.” Wengi huandika. Asipoandika, omba nakala za vipimo vyako vyote, maana ni haki yako, umpelekee mwingine. Mimi nilibeba faili langu kwa madaktari saba. Wa saba alikuwa yule bingwa wa pili, na kitu cha kwanza alichoniuliza, kabla sijaketi vizuri, ni kama asubuhi ile nilikuwa nimekula mahamri.